Mstari wa Tope

Nikiwa bado sijapiga plasta nyumba yangu ya mtaa wa Viwanja Sitini, mafuriko yaliacha mstari wa tope ukutani, usawa wa kiuno. Mke wangu alitaka tuusugue kabla padre hajaja kubariki nyumba. Nilikataa katakata. Chini ya mstari nilipiga saruji, juu yake nikapaka chokaa, mstari wenyewe sikuugusa. Umeme ulipofika mtaani, fundi alitaka kuweka soketi usawa wa goti, kama kwa majirani.

"Peleka juu ya tope," nikamwambia.

Masika moja maji yalirudi, yakaishia palepale kwenye mstari, soketi ikabaki kavu. Mke wangu hakunisifu. Alichukua brashi, akasugua ukuta wote, alipofika kwenye mstari akauacha.