Fungu Linalobaki Mikononi

Mama mkwe wangu si mtu wa kulia mbele za watu, ndiyo maana majirani wanasema ana roho ngumu. Waongo wakubwa hao. Baba mkwe alipofariki alimwachia zizi limejaa ng'ombe, wengi wazee waliokauka maziwa, kazi yao kula na kucheua. Bwana mifugo akaja, akamweleza bila kumung'unya maneno: "Mama, kila ng'ombe akicheua anatoa hewa inayozidisha joto duniani, awe na maziwa au asiwe nayo. Bakiza wachache, uwalishe vizuri. Maziwa hayatapungua."

Shemeji yangu aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Mama, huku ni kumzika baba mara ya pili!"

"Baba yako hakati majani," mama alimjibu. "Ninayekata ni mimi."

Wakauzwa mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa Bibi, ng'ombe mkongwe ambaye baba mkwe alimlisha kwa mkono wake hata aliposhindwa kusimama bila fimbo. Mama alimfungua kamba mwenyewe, akamkabidhi mnunuzi, akarudi kuosha ndoo.

Hawa wachache waliobaki wanakula majani mabichi yaliyochanganywa na pumba, na ndoo inajaa kama zamani. Bwana mifugo huleta wageni waje wajifunze, na mama huwaonyesha kila kitu.

Isipokuwa jambo moja: kila asubuhi, akishamaliza kugawa majani, hubaki na fungu moja mikononi, amesimama mbele ya hori la Bibi.