Uzi Mwekundu Mlimani Kedowa

Dereva wa siku hizi ana mishale na taa za kila aina mbele ya uso wake, na bado anaunguza injini. Mimi nilikuwa na kioo kimoja tu. Kilikuwa cha mviringo, kidogo kuliko kiganja, kimesimama nje kabisa juu ya mfuniko wa rejeta, na ndani yake mlikuwa na uzi mwekundu. Injini ikiwa baridi, uzi ulijificha chini. Injini ikipata moto, maji ya rejeta nayo yalipata moto, uzi ukapanda, nami nikauona kutoka kwenye usukani. Meneja wa shamba, Mzungu mrefu asiyependa maneno mengi, alinifundisha kuusoma hivi: "Chini, baridi. Katikati, mzuri. Juu kwa alama, simama pesi pesi." Hayo ndiyo yaliyokuwa masomo yangu yote.

Nilikuwa nimetoka pande za ziwa kuja kukata kuni za boila ya kiwanda cha chai, karibu na Kericho. Kuni nilizikata mpaka mikono ikaota sugu. Kisha nikapewa kuosha lori, kisha kulisogeza uani, na mwisho nikakabidhiwa lenyewe. Sitajifanya mnyenyekevu hapa. Nilijivuna, na nilikuwa na haki ya kujivuna, maana katika nyumba zote za wafanyakazi hakukuwa na mwingine aliyevaa kofia ya dereva. Kila jioni nilichomoa hendeli, ile chuma ya kuzungushia injini mpaka iwake, nikaibeba begani hadi nyumbani, tena kwa njia ndefu inayopita mbele ya milango ya watu. Niliisukuma chini ya kitanda, ikagonga mguu wa kitanda kwa kelele, na mke wangu akalalamika.

"Baba watoto, hiyo chuma ni mke wa pili?"

"Huyu angalau halalamiki," nilimjibu.

Kazi yangu ilikuwa kupeleka makasha ya chai stesheni ya Londiani. Njia yote ina vilima, lakini pabaya kuliko pote palikuwa mlima wa Kedowa. Miezi ya ukavu niliupanda nikipiga mluzi, uzi umetulia katikati. Kisha mvua kubwa zikaanza, na lori likaanza kuugua.

Uzi ulianza kupanda hata kabla mlima haujaanza. Nusu ya mlima, rejeta ilitoa mvuke kila upande, na maji yakaruka hadi kwenye kioo cha mbele. Nilisimamisha lori, tukangoja lipoe, tukaongeza maji, tukaendelea kidogo, likachemka tena. Mpakizi wangu, Mkipsigis wa pande za Longisa aliyenizidi umri, alizoea kusafiri na debe la maji magotini.

"Tereva," aliniambia siku moja, nguo zimelowa, "hii kari iko na homa. Kama ni ng'ombe yangu, mimi ningekuwa nimechinja."

"Na ungekula nini, magurudumu?"

Nilicheka, lakini moyoni nilikuwa nimeanza kuogopa. Pale juu Kedowa palikuwa na mama mmoja muuza uji, na kila aliposikia lori likikoroma alitoka na debe lake la maji, akasimama kando ya barabara kunisubiri. "Dereva, leo umechelewa kuchemka," alinitania mbele ya wateja wake. Nilipokea maji, nikamshukuru, na nikamchukia.

Siku ikafika tukakuta gari moshi limeondoka bila makasha yetu. Meneja hakupiga kelele. Ningependa kama angepiga kelele. Aliniita uani, akanyoosha mkono akachukua hendeli kutoka begani kwangu.

"Hii nalala ofisi sasa," alisema. "Asubuhi mimi napa wewe. Kama gari chemka tena Kedowa, wewe rudi kata kuni. Mimi leta dereva ingine."

Jioni ile nilirudi nyumbani kwa njia fupi. Mke wangu alitazama bega langu, akanipakulia chakula. Kulala kimya bila ile kelele chini ya kitanda kuliniuma kuliko maneno ya meneja. Nilijiambia shoka sitalishika tena, na kama lori lina ugonjwa basi nitaujua kwa jina.

Nilianza na fundi wa kiwanda, mtu wa milima ya magharibi aliyewahi kufanya kazi ya reli kule pwani. Tuligombana karibu tupigane.

"Injini haina kitu," alisema. "Wewe mwenyewe unasema uzi haujafika alama ya kuchemka. Kama haujafika, maji hayajachemka. Wewe unajaza maji kupita kiasi, yanamwagika kwa chuma ya moto, unaona mvuke, unaogopa."

"Mimi niogope mvuke? Maji yanarukaruka kama maharagwe!"

"Basi kioo kinasema uongo, au ni wewe."

Neno hilo lilinikaa kichwani, kwa sababu lilikuwa kweli. Uzi haukuwahi kufika alama, na maji yalichemka. Kimojawapo kilikuwa kinadanganya. Jumamosi alasiri nilifungua mfuniko na kioo chake, nikaenda nao nyumbani. Mke wangu alikuwa ameteleka maji ya ugali. Yalipochemka vizuri, nikaisimamisha ile chuma ya chini ya kioo ndani ya sufuria.

"Umepata wazimu?" aliniuliza, mwiko mkononi. "Sasa unapika gari?"

"Ngoja, mama watoto. Maji haya yamechemka au hayajachemka?"

"Kwani wewe ni kipofu?"

Yalikuwa yamechemka hata sufuria inatetemeka, na uzi mwekundu ulikuwa umesimama chini ya alama, hausogei. Nilimwita fundi. Alikuja akachutama mbele ya moto, akatazama uzi, akatazama sufuria, akaongeza kuni, akatazama tena. Uzi haukupanda hata kidogo. Mwishowe akapiga paja lake akacheka.

"Pwani maharagwe yanaiva upesi," alisema. "Huku juu yanakataa. Maji ya huku yanachemka kabla hayajapata moto wote. Hii alama ni ya watu wa chini."

Nilimwomba tupa yake ndogo, nikakwaruza alama yangu mwenyewe kwenye ukingo wa kioo, pale pale uzi uliposimama. Tangu siku hiyo nilikuwa na kipimo cha Kericho. Mke wangu alimwaga maji yale akateleka mengine, kwa sababu alisema hatapika ugali kwa maji ya rejeta, na alikuwa na sababu.

Kujua maji yanachemka wapi hakukuniambia yanachemka kwa nini. Lakini fundi sasa alikuwa upande wangu, na alipenda kazi yake kuliko alivyopenda kubishana. Tuliwasha injini uani, tukaiacha ipate moto.

"Shika paipu ya juu," aliniamuru.

Nilishika, nikaachia haraka. Ilikuwa moto.

"Sasa ya chini, pale maji yanaporudi kwa injini."

Nayo ilikuwa moto vilevile. Fundi akanieleza polepole. Kama rejeta ingekuwa imeziba ndani, maji yasingepita, na paipu ya chini ingekuwa baridi. Hapa maji yanapita, lakini yanarudi na moto wake. Yaani hakuna upepo wa kuyapoza. Feni ilikuwa inazunguka sawasawa na mkanda wake ulikuwa umekaza. Akachuma jani la kabichi kwenye bustani ya mke wangu bila kuomba ruhusa, akalibandika mbele ya rejeta. Upepo ukipita, feni hulivuta jani likang'ang'ania pale. Jani la kabichi lilianguka chini kwenye matope.

"Upepo haupiti," nilisema.

"Haupiti. Na nimeosha hii rejeta kwa mpira wa maji mimi mwenyewe. Iangalie, inang'aa."

Kweli mbele ilikuwa inang'aa. Tukaachana pale, kila mtu amekasirika, ila safari hii hatukukasirikiana.

Jibu nililipata Jumatatu asubuhi wakati wa kupakia. Siku za mvua Kericho ni baridi, na injini iliyopoa huwashwa kwa jasho. Kwa hiyo sisi sote wa uani tulikuwa na desturi yetu: lori liliachwa likinguruma muda wote wa kupakia, na pua yake ilielekezwa chini ya dirisha la chumba cha kuchekecha, ambako hewa ya joto ilitoka nje na bati lilizuia mvua. Wapakizi walikota joto pale, nami nilikota nao. Nilikuwa nimesimama hivyo, mikono makwapani, mpakizi wangu alipotoka na kasha begani. Kichwa, kope na nyusi zake vilikuwa vimejaa lile vumbi jepesi linaloruka majani makavu ya chai yanapochekechwa, laini kama manyoya ya kifaranga.

"Mzee," nilimwambia, "umezeeka tangu uingie humo ndani."

Alicheka, akapangusa uso kwa kiganja. Vumbi liliruka hewani, likageuka, likaelekea kwenye lori, na mbele ya macho yangu likamezwa na rejeta. Nilitazama dirishani. Vumbi lilikuwa linatoka kidogo kidogo, bila kukoma, na feni yetu ilikuwa inalivuta lote. Kila asubuhi ya mvua tulikuwa tumelilisha lori majani ya chai, na ukungu wa barabarani ukayalowesha yakashikamana.

Nilipiga yowe hata nyapara akafikiri nimebanwa na kasha. Nilimkimbilia fundi. Alisikiliza, akashika kichwa.

"Na mimi nimekuwa nikiosha kutoka mbele," alisema. "Nimelisukuma ndani zaidi."

Nilimwambia nimeona mke wangu akifanya vizuri zaidi kuliko sisi wawili. Chai tuliyokunywa nyumbani ilikuwa ile ya vumbi iliyofagiwa sakafuni kiwandani, na chujio liliziba kila mara. Yeye hakusukuma vumbi kwa kidole. Aligeuza chujio, akaligonga kutoka nyuma.

Tulimwomba meneja atupe siku moja ya kulitengeneza lori. Alitazama saa, akatazama mvua, akasema, "Leo tu. Kesho mimi napanda na wewe." Tulifungua rejeta ikatoka nzima, tukailaza kifudifudi juu ya magogo, tukapiga maji kutoka nyuma. Mwanzoni hakikutoka kitu. Kisha kikatoka kipande cha kahawia, kinene, kimeshonana kama blanketi, kikafuatwa na kingine. Mpakizi alichokonoa kwa waya yale yaliyobaki. Tulipoinyanyua rejeta kuelekea mbinguni, nuru ikapenya katika kila kitundu, na fundi akanitazama kupitia upande wa pili akikonyeza jicho. Tulipoirudisha na kuwasha injini, jani jipya la kabichi lilivutwa na feni likabaki limenata pale. Mke wangu alikuja kudai kabichi zake, akaona jani, akaenda zake bila kudai.

Kesho yake lori lilipakiwa mbali na dirisha. Wapakizi walinung'unika kwa baridi, nikawaacha wanung'unike. Meneja alikaa kando yangu, fundi na mpakizi wakakaa juu ya makasha, debe la maji likiwa katikati yao. Mvua ilikuwa imeshika. Tulipofika chini ya mlima wa Kedowa nikabadilisha gia, na uzi mwekundu ukaanza kupanda.

Nilikuwa naona vitu viwili tu, barabara na uzi. Ulifika katikati. Ukapita katikati. Meneja aliinama mbele akaweka macho yake kwenye kioo, na mimi nikaona anatazama ile alama ya juu, ya watu wa chini. Mimi nilitazama mkwaruzo wangu. Uzi ulikuwa chini yake kidogo tu, kiasi cha unene wa kucha, na matope yalikuwa yanatushika magurudumu. Nilisali kwa lugha ya mama yangu. Uzi ukasimama. Haukushuka, haukupanda, ukasimama pale pale tulipopita mahali ambapo kila siku nilichemka, na tulipokaribia kilele ukaanza kushuka.

Mama muuza uji alikuwa amekwisha toka na debe lake. Nilimwona mdomo wazi, maji mkononi. Nilipiga honi nikaipiga tena, na kule juu ya makasha mpakizi akasimama, akanyanyua debe letu lililojaa, akalimwaga lote barabarani mbele ya wateja wote.

"Homa imekwisha!" alipiga kelele. "Kari imepona!"

Tulifika Londiani, na gari moshi lilikuwa bado linapakia kuni zake. Tuliporudi jioni nilichomoa hendeli, nikampelekea ofisini. Hakuipokea.

"Hii ya kwako," alisema. "Lala na yeye."

Nilirudi kwa njia ndefu. Nilipita mbele ya kila mlango, nikasalimia hata watu nisiowapenda. Mke wangu alikuwa jikoni, nyuma ya nyumba, hakuniona nikiingia, nami sikumwita. Niliinama nikaisukuma hendeli chini ya kitanda, ikagonga mguu wa kitanda kwa kelele yake ile ile.

Jikoni mwiko ulianguka. Kisha mke wangu akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje.