Kaka Alitaka Tumuuzie Mkunga Injini Yenye Ufa

Gari aliloacha marehemu baba lilikuwa linakunywa maji balaa, na chini halidondoshi hata tone.

Naijaza rejeta asubuhi, mchana imekauka. Nyuma linatoa moshi mweupe mzito hata injini ikiwa imeshapata moto. Siku nilipochomoa kijiti cha kupimia oili, nikakuta oili ina rangi ya chai ya maziwa. Maji yalikuwa yanaingia kwenye oili.

Tukalipeleka gereji, mimi na kaka yangu mkubwa, tukiomba iwe gasketi tu imeungua, ibadilishwe yaishe.

Fundi akafungua. Gasketi nzima. Akapima kwa presha, kisha akaniita nichungulie. Ndani, kwenye ukuta wa silinda, palikuwa na mstari mwembamba kama unywele, unachuruza maji.

"Bloku imepasuka," akasema. "Hapa ni kubadilisha injini."

Kaka akauliza kama hakuna njia ya mkato. Fundi, shingo upande, akakiri kuna dawa ya kumimina kwenye rejeta. Inaziba ufa kwa muda tu, na yeye asije akalaumiwa.

Kaka akasema muda huo unamtosha. Mnunuzi alishampata.

Mnunuzi mwenyewe ni mkunga wa zahanati ya mtaani kwetu.

Nikamwambia kaka hilo halifanyiki. Likizima njiani na mama mwenye uchungu yumo ndani, nani atajibu? Akaniambia mimi mdogo, tena mwanamke, nikae pembeni nisubiri mgawo wangu. Mama yetu naye akanisihi tusigombane, msiba bado mbichi.

Kaka akamimina dawa, akamwita mkunga.

Gari limeoshwa, linang'aa. Injini inanguruma vizuri kabisa, dawa imekubali. Kaka anamwaga sifa. Mkunga anafungua mkoba.

"Ukifungua mdomo," kaka akaninong'oneza, "usinihesabu ndugu yako tena."

Nikaanza kwa kufungua boneti. Mdomo ukafuata.

"Dada, injini hii ina ufa. Imezibwa na dawa. Usimpakie mgonjwa humu."

Kaka akanitolea macho, kama angeweza angenimeza.

Mkunga akafunga mkoba. Akalizunguka gari, akagonga milango, akachungulia chini. Kisha akatueleza kwamba gari lake, aina hii hii, lilibondwa na lori likawa halitengenezeki, ila injini yake nzima. Alichokuwa anatafuta ni bodi ya kuifungia injini hiyo.

"Injini yenu nilipanga tuifunge kwenye gari la wagonjwa la zahanati, lililokufa injini," akasema. "Mngeniuzia jeneza."

Akachukua bodi, kwa bei ya bodi. Injini akatuachia.

Kaka akaninunia. Simu zangu hapokei, nikipita anageuza uso. Sikumbembeleza.

Juzi akapiga mwenyewe. Kuna gari anataka kununua, mwenye nalo anaapa ni zima.

"Njoo uniangalizie kabla sijalipa," akasema, sauti chini.

Nilikwenda.

Wewe uliyesoma hadi hapa, siku wakikuambia nyamaza kwa ajili ya familia, uliza kwanza ni nani atakayepanda hilo gari. Wakinuna, waache wanune.