Kiganja cha Baba, Mizani ya Coon Rapids

Baba alikuwa anapima baruti kiganjani. Anamimina kidogo, anaitazama kama mtu anayekadiria chumvi ya mboga, kisha anaitia kwenye mtutu wa gobore na kuishindilia. Nyani walikuwa wanamaliza mahindi yetu Kilosa, na gobore ndiyo ilikuwa dawa yao. Mimi niliruhusiwa kubeba maji tu. "Mwanamke akigusa baruti, bunduki inalala," alisema. Kaka zangu wakacheka. Hasira ile nilipanda nayo ndege.

Miaka kumi baadaye niko Coon Rapids, Marekani, nina watoto wawili, nafua mashuka ya hospitali. Mama mmoja wa Kizungu wa pale kazini, mtu mzima, alinipa kipande cha shamba lake nipande kunde. Panya wa mashimo wakazikata zote kwa chini. Nikamwuliza yeye anawauaje. Akanipeleka gereji kwake, akanionyesha bunduki yake nyembamba ya kuulia wanyama waharibifu, na meza anayotengenezea risasi mwenyewe.

"Nifundishe," nilisema.

Mume wangu aliposikia akashangaa. "Mama watoto, si zinauzwa dukani?"

Nikamwambia anyamaze. Mimi nilitaka kushika baruti.

Jumamosi ya kwanza nilisafisha maganda matupu ya risasi na kuyakagua nyufa, basi. Ya pili nikafika kwenye baruti. Yule mama alikuwa ameinama anaweka sawa mizani. Nikaimimina kiganjani. Chembe nyeusi, ndogo kama mbegu za mchicha. Nikaitazama kama Baba, nikaona inatosha, nikajaza ganda mpaka juu.

Alinidaka mkono. "Wewe! Unataka ikupasukie usoni?"

"Kwetu tunapima hivi."

"Ya kwenu ni baruti nyingine. Hii ina hasira zaidi."

"Hata mimi."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akamwaga yote, akanifungulia kitabu cha vipimo. "Fuata namba. Usikisie. Na usiniongeleshe mpaka umalize."

Baba naye alikuwa hivyo hivyo. Akishika baruti, nyumba nzima kimya. Nikapima chembe kwa chembe. Machozi yakanitoka na sikuyafuta, mkono ungetikisika.

Jumamosi ya tatu asubuhi tulikuwa shambani. Kwetu jua lilikuwa linazama. Nikampigia Baba. Siku hizi macho yake hayaoni hata mlango, na kaka zangu wote wamehamia mjini.

"Shikamoo, Baba. Sikiliza."

Nikampa yule mama simu aishike. Panya akatoa kichwa shimoni. Nikafyatua.

"Nini hiyo?" Baba akauliza.

"Risasi. Nimeitengeneza mwenyewe. Baruti nimeishika mimi, na bunduki haikulala."

Nilisubiri anikaripie. Majibu nilikuwa nayo, ya miaka kumi.

"Mlio wake mkavu," alisema. "Gobore ilikuwa inanguruma."

"Naikumbuka, Baba."

"Umempata?"

"Nimemkosa."

Akacheka, kicheko kile kile cha shambani, ambacho zamani kilikuwa cha kaka zangu tu. Halafu sauti ikashuka.

"Njoo basi, mama. Nyani wamerudi. Hakuna wa kuwafukuza."

Likizo sina, nauli ya watu wanne sina.

"Usikate simu, Baba. Sikiliza tena," nilisema, nikaweka risasi ya pili.