Mama Alipojifunza Kusema Kesho

Kitabu chenyewe nilikipata sokoni Arua, juu ya turubai la muuza vitabu vikuukuu. Jalada lilikuwa limechanika, na jina la mwandishi lilikuwa limeondoka nalo. Kilikuwa kimojawapo cha vile vitabu vya kumfundisha mtu kuyapanga maisha yake. Wakati ule nilikuwa karani katika ofisi moja mjini, na kukataa sikujua. Mwenzangu akitaka kuwahi nyumbani, kazi yake ilihamia mezani kwangu. Nikakisoma siku nne mfululizo, kisha nikajiandikia kanuni tisa kwenye daftari. Ile ya kuamka alfajiri nikimbie ilikufa wiki ya kwanza. Ile ya kuacha sukari kwenye chai haikufika hata Jumatano.

Mwisho wa mwezi nilikwenda kwetu Koboko kumwona mama, daftari likiwa mkononi. Mama alikuwa mpishi wa harusi. Hakuwa na duka wala kibao, watu walimjua tu. Kwa miaka thelathini, karibu kila Mwislamu aliyeoa mtaani kwetu, pilau yake ilipita mikononi mwa mama. Hata Wakongomani Wakristo waliohamia jirani walikuja kumwomba, na hakuwahi kumnyima mtu. Siku hiyo nilimkuta ameloweka miguu kwenye beseni la maji ya moto, imevimba.

"Iko nini kwa hiyo daftari?" akaniuliza. "Unaisoma kama dua."

Nikamsomea kanuni moja moja. Ya kukimbia ilimchekesha mpaka maji yakamwagika. Nilipofika ya sita, inayosema usikubali jambo papo hapo, mwambie mtu utamjibu kesho, akaitoa miguu kwenye maji.

"Rudia hiyo."

Nikarudia.

"Na watu hawakasiriki?"

"Sijui, mama. Sijawahi kuijaribu."

Akanitazama kwa huruma. "Basi acha mimi nikujaribie."

Wiki tatu baadaye shangazi yangu, dada yake baba, akanipigia simu ofisini.

"Mama yako iko mgonjwa?"

"Hapana, shangazi. Kwani vipi?"

"Jirani alikwenda kumwomba apike harusi ya binti yake. Akamwambia, nitakujibu kesho. Kesho ikafika, akasema hapana, safari hii atakuja kama mgeni!" Neno mgeni alilitamka kama mtu anayetaja mwizi.

Nikampigia mama upesi. Akaniambia siku ile mara mbili alivaa viatu amfuate jirani akamwombe radhi. Lakini asubuhi alipoamka, jibu lilikuwa limekaa tayari mdomoni. Alikubali kukaa na wanawake wawili wa mtaa siku ya kuamkia harusi, awaonyeshe vipimo vya viungo, basi. Jirani alinuna siku mbili. Siku ya tatu akaleta mwaliko.

Nilicheka sana, halafu nikaona haya. Jumatatu mwenzangu alipokuja na mafaili yake, nikasema kwa sauti ndogo, "Nitakujibu kesho." Akanikodolea macho. Kisha akayachukua, akaketi, akayamaliza mwenyewe kabla ya saa kumi. Jioni ile nilitembea kwenda nyumbani nikijiimbia njia nzima, waendesha boda boda wakinipigia honi.

Siku ya harusi nikarudi Koboko. Mama alikuwa amepaka hina, amevaa nguo mpya ya bluu, tukaketi viti vya mbele. Ngoma zikalia, wanawake wakapiga vigelegele, bibi harusi akaingia polepole akiwa amefunikwa kanga, shangazi zake wamemzunguka wakiimba. Mama akanishika mkono kwa nguvu.

"Kumbe wanaingiaga hivi?"

"Hujawahi kuona?"

"Nitaona wapi? Saa kama hii mimi niko na moshi, nageuza wali."

Machozi yalimtoka huku anacheka. Akasimama, akapiga kigelegele kirefu kuliko cha mama wa bibi harusi mwenyewe.

Pilau ikaletwa. Wale wanawake wawili aliowaonyesha vipimo walisimama mlangoni, mikono kwenye aproni, wakimtazama mama peke yake. Akaonja. Akatafuna taratibu, kisha akawapungia mkono kwa furaha, nao wakakumbatiana.

"Iko vipi?" nikamnong'oneza.

"Chumvi imezidi kidogo," akajibu, huku ameshanipa sahani yake nikamwongezee.