Nafasi ya Lori Kupita

Siku yangu ya kwanza katika kiwanda cha kuchambua pamba pale Kilosa, Fundi Mkuu hakunipa kazi yoyote. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasimamisha kipande cha muwa katikati ya sumaku mbili na kuziachia. Muwa ulipondeka, maji yakaturukia usoni.

"Binti, hicho kilikuwa kidole chako," akasema, akafuta meza.

Sumaku zile zilikuwa bapa na nzito, zikikaa ndani ya bomba lililovuta pamba kuipeleka kwenye mashine. Pamba ya wakulima ilifika na misumari, spoku za baiskeli, hata vipande vya mundu. Chuma kikigonga meno ya mashine hutoa cheche, na pamba haihitaji kubembelezwa ili iwake. Sumaku ndizo zilizotuokoa na moto.

Zamu ikiisha tulizichomoa, mimi na Elia, kijana wa Ulaya, kijiji cha hukohuko Kilosa, aliyenitangulia kazini. Tulivua saa, tukavaa glavu, kila mmoja akabeba yake ndani ya kasha la mbao hadi stoo, upande wa pili wa uwanja. Fundi Mkuu hakutaka kabisa kuwaona wabebaji wakitembea bega kwa bega. Alitaka kati yetu ibaki nafasi ya lori kupita. Pengine alizidisha, lakini hakuna kati yetu aliyepoteza kidole.

Stoo tuliondoa vyuma kwa kijiti cha mbao, kamwe si kwa mkono. Kila sumaku ililala kwenye rafu yake, mbali na joto, maana joto huipunguzia nguvu, na juu ya ncha zake tuliweka bamba la chuma laini la kuituliza, isipoteze nguvu. Zikinasana usizivute. Telezesha moja pembeni taratibu, upachike kabari ya mbao.

Kwa ajili ya nafasi ile, mazungumzo yetu yote yalikuwa ya kupaza sauti. Uwanja mzima ulijua Elia ameota nini, na mimi nimeunguza nini jikoni. Wapakia marobota walituita wachumba wa ng'ambo ya mto. Tulicheka nao, na mimi nilikuwa nikiisubiri safari ile fupi tangu asubuhi.

Kisha likaja soko huria. Wanunuzi binafsi walijaa vijijini, kiwanda kikauzwa, na mwenye mali mpya akaleta toroli la mbao ili sumaku zisafirishwe na mtu mmoja, moja baada ya nyingine. Fundi Mkuu alituita ofisini, macho yake yakiwa dirishani.

"Stoo ya sumaku inabaki na mtu mmoja," akasema. "Kubalianeni wenyewe. Mimi kuchagua siwezi."

Jioni ile tulibeba makasha yetu kwa mara ya mwisho. Mama yangu alikuwa mgonjwa nyumbani, na Elia alilijua hilo, kama uwanja mzima.

"Baki wewe, Rehema," akasema kutoka upande wake. "Mama anahitaji dawa. Mimi nitakwenda Mikumi, nikazibe pancha za malori."

Nilitaka kumwambia asiende, au aende na mimi. Lakini wapakia marobota walikuwa wanasikiliza, na maneno yale hayakuwa ya kupaza sauti.

"Haya, kaka," nikajibu.

Nilibaki hadi nilipostaafu. Elia alioa hukohuko Mikumi, nasikia ana wajukuu, na ninamtakia heri kwa moyo wote. Nilimpenda, na bado namkumbuka kila jua likianza kushuka, saa ya kubeba makasha. Vijana wakiniuliza jinsi ya kutunza sumaku kali ninawaeleza yote: saa, glavu, joto, kabari. Nikifika kwenye ile nafasi ya lori, huwa nairuka, nawarudisha kwenye glavu.

Maana jioni ile tulizilaza sumaku, tukavua glavu, tukafunga stoo. Tukatembea hadi getini mikono mitupu, na kati yetu lori lingepita.