Mkono wa Sikio Ukiwa Juu

Kwenye ile gereji ya nyuma ya soko kulikuwa na sheria moja tu iliyoheshimiwa. Nyingine zote, za kuvaa viatu vizito na kutovuta sigara karibu na petroli, zilikuwa pambo la ukuta. Sheria yenyewe ilikuwa hii: fundi mzee, Sikio, akinyanyua mkono, dunia inanyamaza. Mchomeleaji anazima mashine, mnyoosha bodi anashusha nyundo, redio inakatwa katikati ya wimbo. Hata mteja mwenye la kusema analimeza. Kisha mzee anachukua kipande chake cha mpira, ncha moja anaitia sikioni, nyingine anaitembeza juu ya injini, taratibu, na mwisho anatoa hukumu. Na hukumu ya Sikio haikuwa na rufaa.

Tusimnyime haki yake, alikuwa hodari. Magari yaliyoshindikana kwingine yaliletwa kwake, akayasikiliza, akasema, "Beringi," na ikawa beringi kweli. Vifaa vya kupimia alivicheka. "Ng'ombe hazeeki maini," alipenda kusema, akijigonga sikio kwa kidole.

Basi siku moja akarudi muuza maua. Gari lake lilikuwa na tabo, ile feni inayoshindilia hewa ndani ya injini ili ipate nguvu. Ukiondoa mguu kwenye mafuta, hewa iliyobanwa lazima ipate pa kutokea, na ipo valvu ya kazi hiyo: inapumua mara moja, pshaa, yamekwisha. Gari hili halikupumua. Kila akibadili gia lilifanya tu-tu-tu-tu, kama mtu anayetaka kupiga chafya asiweze. Sikio alikuwa ameshambadilishia valvu nzima, mpya kabisa, na sasa mama wa watu amerudi, ndoo za maua nyuma, uso umekunjamana.

"Fundi, valvu mpya, wimbo ni uleule. Na ile filimbi bado ipo."

"Filimbi gani, dada?"

"Hii hapa! Gari likisimama linaunguruma, inalia. Nyembamba, kama birika linalotaka kuchemka."

Sikio akanyanyua mkono. Gereji ikanyamaza. Akainama kwenye boneti na mpira wake, akasikiliza. Alisikia mkanda, akasikia feni, akasikia injini yenyewe ikitetemeka kidogo pale isipotakiwa kutetemeka. Filimbi hakuisikia. Akahamishia mpira sikio la pili. Wapi!

Jasho likamtoka, na halikuwa la jua. Alikuwa ameanza kujishuku tangu zamani kidogo. Simu ililia mfukoni mwake mpaka mtu akamgusa bega. Birika lilipiga filimbi mpaka likakaukia jikoni yeye akiwa amekaa palepale, akalitukana birika. Lakini mtu hajishuku kwa sauti. Fundi akipungukiwa macho huvaa miwani, maisha yanaendelea. Yeye jina lake lilikuwa Sikio. Sikio likienda, aitwe nani? Aliogopa, jamani. Mzee mzima, mkono bado uko juu, aliogopa.

Na mwoga hashindwi kupata mlango wa kutokea.

"Tabo imekufa," akatamka. "Itolewe, iwekwe nyingine."

"Tabo nzima?" Muuza maua alishika kiuno. "Fundi, gari likilala hapa mimi maua nitabeba kichwani?"

Mchomeleaji alikuwa akitazama viatu vyake. Mnyoosha bodi alitazama paa, akalitazama sana, utadhani ameambiwa alinunue.

"Hapana."

Sauti ilitoka kwenye kibanda cha spea pale pembeni, na mwenye sauti alikuwa mkewe Sikio, anayeuza mikanda na plagi kwenye kibanda hicho tangu gereji ifunguliwe. Lo! Hakuna mtu aliyewahi kutia neno mkono wa Sikio ukiwa juu.

"Filimbi ipo," mama akasema. "Inatoka nyuma ya injini, kwa chini, upande wa kule ukutani."

"Nani amekuuliza?" Sikio alifoka.

"Hakuna. Ndiyo tatizo lenyewe."

Hakungoja ruhusa. Akaja na kikombe cha maji ya sabuni na brashi kuukuu, akavikabidhi mkononi mwa mumewe, ule mkono uliokuwa juu, kwa hiyo ikabidi ushuke. Hasira zilimpanda Sikio mpaka kooni. Angeweza kukimwaga kile kikombe. Ila injini ilikuwa inaunguruma mbele yake, na mbele ya injini alikuwa na aibu zaidi ya kusema uongo kuliko mbele ya watu.

Akapaka povu kwenye ule mpira mwembamba unaotoka kwenye injini kwenda kwenye valvu, ule unaoivuta valvu ifunguke. Juu, povu lilitulia. Akaingiza brashi kwa chini, pale mpira unapokunjwa, akamulika kwa tochi. Povu likamezwa. Akapaka tena, likamezwa tena, na safari hii akaona ufa mdogo usiozidi ukucha. Hewa ya nje ilikuwa ikijipenyeza hapo na kuiba ule mvuto, ndiyo maana valvu haikuwa na nguvu ya kufunguka, iwe mpya au ya zamani. Tabo ilikuwa nzima kabisa, masikini, ilikuwa ihukumiwe bila kosa.

Mkewe alikata kipande kipya cha mpira, Sikio akakifunga. Muuza maua alizunguka soko mara moja, akarudi, na alipotoa mguu kwenye mafuta gari likapumua: pshaa. Hiyo Sikio aliisikia. Mama wa watu alishukuru, akaondoka na ndoo zake.

Sikio akamgeukia mchomeleaji. "Wewe, ile filimbi uliisikia?"

"Tuliisikia wote, mzee."

"Mbona hamkusema?"

Mchomeleaji alishangaa kuulizwa. "Mkono ulikuwa juu."

Jioni wakati wa kufunga kibanda, Sikio alisimama mlangoni akizungusha kofuli mkononi. "Umejua tangu lini?"

"Tangu ulipogombana na birika," mkewe alisema, akimtazama usoni ili ayaone maneno. "Mimi sina neno, Baba. Nakusogelea, nakwambia mara ya pili. Lakini mjukuu wako ameshaacha kukuita. Ameniambia, 'Bibi, babu hapendi kuitwa.'"

Sikio alikaa juu ya kopo la oili. Mtoto huyo wa binti yao alikuwa akiishi nao, ana kijisauti chembamba. Na yeye alikuwa akimsifia kwa kila mgeni: huyu wetu katulia, hana kelele hata kidogo. Ilimuuma, na hakujificha kwamba imemuuma.

Nyumbani walimkuta mtoto kizingitini, anachora sakafu kwa chaki. Aliinua macho, akaendelea kuchora. Sikio alichuchumaa mbele yake, magoti yakalalamika.

"Ukiniita nisipoitika, si kwamba sikutaki," alimwambia. "Babu hasikii vizuri. Wewe nivute shati."

Mtoto alimwangalia babu, akamwangalia bibi. Akaweka chaki chini, akashika shati kwa mikono miwili, akavuta kwa nguvu zake zote.

"Naam?" Sikio akaitika. "Unasemaje?"

"Hakuna," mtoto alimpigia kelele sikioni. "Najaribu tu."

Akavuta tena.